Hodi Wakati wa Tamthilia

Saa 2:15 usiku. Mtu anabisha hodi. Sauti ya ndani inamjibu "Karibu!", ila hakuna anayeinuka. Anavua viatu mlangoni, anaingia, anaamkia: "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, pita ukae." Maneno yametimia yote, lakini uso wa mama haukugeuka. Watoto wanasogea kwenye kochi kumpa nafasi. Kwa dakika 20 zinazofuata mgeni naye anatazama tamthilia asiyojua ilikoanzia, akingoja matangazo ya biashara ndipo aseme kilichomleta.

Wakati mwingine matangazo hayatoshi. Anaaga bila kusema.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, na linanisumbua zaidi kwa sababu simwoni wa kulaumiwa. Mgeni hakufukuzwa. Alikaribishwa, akapewa nafasi, huenda na chai akapewa. Hakuna aliyekusudia kumdharau. Hata hivyo alikuja kusema neno, na nyumba nzima ilikuwa na mzungumzaji mwingine aliyemtangulia.

## Ni saa zipi hasa

Ukisikia mtu akionya juu ya runinga, ataanza na macho. Macho ni sehemu ndogo. Anza na hesabu.

Saa 3 kwa siku ni saa 1,095 kwa mwaka. Ukizigawa kwa saa 16 ambazo mtu huwa macho, unapata siku 68. Na saa 3 si nyingi: nchini Marekani, ambako serikali hupima kila mwaka namna watu wanavyotumia muda wao, wastani wa mtu mmoja umekuwa ukikaribia hapo, na hiyo ni zaidi ya nusu ya muda wake wote wa mapumziko.

Lakini hesabu ya jumla inaficha jambo lililo zito kuliko yote. Saa zote hazilingani. Saa ya Jumamosi mchana inayopotea ni saa tu. Saa zilizo kati ya saa 2 na saa 4 usiku ni kitu kingine: ndizo pekee ambazo mwenye duka ameshafunga, mwanafunzi amesharudi, aliyekuwa kwenye foleni ya barabarani ameshafika, na chakula kimeiva. Ndani ya saa hizo mbili ndimo nyumba hukutana. Huko ndiko binti anakosema kwamba mwalimu anamtisha. Huko ndiko mume anakosema kwamba kazini wanapunguza watu.

Vituo vinalijua hilo, na ndiyo maana taarifa ya habari na tamthilia zinazopendwa hupangwa humo humo. Tangazo la biashara hulipiwa bei kubwa pale ambapo nyumba nzima imekaa pamoja.

## Mji wa bondeni

Ni vigumu kujua runinga inaondoa nini, kwa sababu karibu kila utafiti huwakuta watu wakiwa wameshaizoea. Mwaka 1973 nchini Kanada ilitokea bahati ya nadra. Kulikuwa na mji mdogo wa British Columbia uliokuwa bondeni, mawimbi hayaufikii, na ulikuwa karibu kupata runinga kwa mara ya kwanza. Tannis MacBeth Williams na wenzake wa Chuo Kikuu cha British Columbia wakawahi kuupima kabla, kisha wakaupima tena miaka miwili baadaye, sambamba na miji miwili mingine iliyokuwa na runinga tayari. Ili kuficha jina lake waliuita Notel.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1986. Kabla ya runinga, watoto wa Notel walikuwa mbele ya wenzao katika usomaji na katika vipimo vya ubunifu. Miaka miwili baadaye ile nafasi ya mbele ikawa imeyeyuka. Ugomvi kati ya watoto uwanjani uliongezeka. Watu wazima walipunguza kwenda kwenye michezo, dansi na shughuli za mji.

Kinachonishtua ni kimoja: mji ule ulipata chaneli moja tu.

Sisi tuna chaneli kwa mamia, na tuna jambo ambalo Wakanada wale walilazimika kulitafuta. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, lakini Tanzania Bara ilingoja hadi 1994. Kwa hiyo mtu yeyote wa Bara aliyevuka miaka 45 anakumbuka jioni zilivyokuwa kabla. Muulize, ukiwa bado unaye wa kumuuliza. Usimuulize kama zamani kulikuwa kuzuri, maana atakujibu ndiyo hata kama hakukuwa. Muulize saa 2 usiku walikuwa wapi, wamekaa vipi, na nani alikuwa akizungumza.

## Sinia na kochi

Sinia haliliwi na watu wote wakiwa wameelekea upande mmoja. Lazima mkae duara, na katika duara lazima awepo anayeupa ukuta mgongo. Weka runinga ukutani, na yule mmoja ataanza kugeuza shingo. Baada ya muda atachukua sahani yake akae kwenye kochi. Akishahama mmoja, wengine hufuata, na kila mtu anakula peke yake mbele ya watu.

Naamini hapo ndipo penye hasara ya kwanza ya ndoa na ya wazazi, kabla hata ya suala la muda. Watu waliokaa duara huonana nyuso. Mama anaona kwamba mtoto hajala. Mke anaona kwamba mume anatafuna bila kuwapo. Waliokaa mstari mmoja wakitazama mbele wanaweza kugusana mabega mwaka mzima wasijue mwenzao amekonda.

Na ulaji wenyewe unaharibika. Mkono unaenda na filamu, si na tumbo. Shibe inahitaji kama dakika 20 kujitambulisha, na mtu aliyezama kwenye kisa haisikii inapofika. Ndiyo sababu karanga, chipsi na soda huisha mbele ya runinga bila mtu kukumbuka kuzimaliza.

Kuhusu mwili nitapita upesi. Mwaka 2010 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu wazima 8,800 kwa zaidi ya miaka 6. Waliotazama saa 4 au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kufa kubwa kwa asilimia 46 kuliko waliotazama chini ya saa 2, hata baada ya mazoezi yao kuzingatiwa. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba runinga ndiyo iliyoua. Unatosha kumfanya mtu ainuke kila nusu saa anyooshe miguu.

## "Anajifunza Kiingereza"

Hapa sitapita upesi.

Mzazi anamweka mtoto wa mwaka mmoja na nusu mbele ya katuni za Kiingereza tangu asubuhi, na ukimuuliza anakujibu kwa nia njema: anataka mtoto asipate shida shuleni. Dada wa kazi naye anapata nafasi ya kufua. Kila mtu anaona amefaidika.

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walichukua watoto wa Kimarekani wa miezi 9. Kundi moja lilikaa na Wachina waliowachezea na kuwasomea kwa Kichina, vipindi 12, kila kimoja kama dakika 25. Kundi jingine liliwatazama Wachina hao hao, kwa maneno ya aina hiyo hiyo, kwenye skrini. Waliokaa na watu walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Waliotazama skrini hawakupata chochote.

Mtoto mchanga hujifunza lugha kwa mtu anayemtazama, anayengoja jibu lake, anayeinua kijiko na kusema "kijiko". Skrini haingoji.

Ubaya zaidi ni kile inachofukuza. Mwaka 2009 nchini Marekani zaidi ya watoto 300 wa umri wa miezi 2 hadi miaka 4 walivalishwa vinasa sauti. Kila saa moja ya runinga inayosikika iliambatana na upungufu wa maneno 770 ambayo mtoto angesikia kutoka kwa mtu mzima. Si lazima mtoto awe anatazama. Inatosha iwe imewashwa, kwa sababu mkubwa aliye karibu naye hunyamaza.

Kwa hiyo katuni haimpi mtoto Kiingereza, na huku inampunguzia Kiswahili, Kichaga au Kisukuma cha bibi yake. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilielekeza hivi: chini ya miaka 2, skrini isiwepo, miaka 2 hadi 4, isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora.

Kama mtoto wako amekwisha zoea, usizime ghafla kutwa nzima. Anza na saa moja ya asubuhi. Mwache dada afue huku mtoto ameketi karibu na beseni lenye maji kidogo na vikombe viwili vya plastiki, naye dada akitaja kila nguo anayoisuuza. Mwambie dada kwa nini unafanya hivyo. Akilijua lengo atalisimamia kuliko wewe. Siku tatu za kwanza mtoto atalia. Ya nne atakuwa anamwagia maji kwenye kanga yake.

## Shaka niliyo nayo

Kadiri nilivyolifikiria jambo hili ndivyo nilivyozidi kukutana na watu ambao siwezi kuwaambia wazime.

Bibi anayeishi na mjukuu wa shule, akishinda peke yake kutwa. Mgonjwa asiyeweza kutoka. Dada wa kazi ambaye saa 3 usiku ndiyo mara yake ya kwanza kukaa kitako tangu alfajiri. Kwa hao runinga ni sauti ya binadamu ndani ya nyumba. Anayeizima bila kuleta sauti nyingine anawaongezea upweke.

Tena si kweli kwamba tamthilia hazifundishi kitu. Brazili ilipofikiwa na mtandao wa runinga wa Globo, wenye tamthilia zake, eneo baada ya eneo, wachumi walikuta kwamba katika maeneo yaliyofikiwa wanawake walizaa watoto wachache zaidi, kwa sababu familia za kwenye tamthilia zilikuwa ndogo na watu wakaona inawezekana. Vijijini India, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba baada ya runinga ya kebo kuingia, wanawake walipungukiwa na uvumilivu wa kupigwa na waume. Hayo ni mambo makubwa. Na kwetu nani hajawasikia wanawake saluni wakimjadili mke wa kwenye tamthilia, wakati kila mmoja anajua kwamba anayezungumziwa ni jirani?

Hapo msimamo wangu ulibadilika. Nilianza nikiwa naipinga runinga. Sasa naipinga runinga isiyo na mwisho. Kipindi kinachotazamwa pamoja, kikaisha, kikazungumzwa, kinaweza kuwa chakula cha akili. Kipindi kinachofuatwa na kingine hakiachi nafasi ya mazungumzo, maana kabla hujafungua mdomo wimbo wa kinachofuata umeshaanza.

Kwa nini basi ni vigumu kuzima? Watafiti Robert Kubey na Mihaly Csikszentmihalyi waliwapa watu vifaa vya kuwaita kwa mlio mara kadhaa kwa siku, kila mlio mtu aandike anafanya nini na anajisikiaje. Waliokuwa wakitazama runinga walisema wametulia. Walipoizima, utulivu uliondoka palepale, ila uzembe wa mwili na akili ukabaki. Na waliotazama zaidi ya saa 4 kwa siku waliifurahia kidogo kuliko waliotazama chini ya saa 2. Ndiyo sababu mtu aliyechoka anaendelea kubadilisha chaneli hadi saa 6 usiku huku akilalamika kwamba hakuna cha kutazama.

## Daftari la siku 7

Usianze kwa kukataza. Anza kwa kupima.

Weka daftari na kalamu juu ya king'amuzi. Kwa siku 7 kila anayewasha aandike saa, na anayezima aandike saa. Kila baada ya saa moja, aliye karibu aandike mambo mawili: nani anatazama kwa kufuatilia, na nani yupo tu. Aliyelala kwenye kochi ahesabiwe.

Karibu kila nyumba itagundua kitu kimoja: sehemu kubwa ya muda runinga ilikuwa imewashwa bila mtazamaji. Hizo ndizo za kukata kwanza, kwa sababu hakuna atakayegombana nawe.

Zina bei pia. Runinga ya LED ya inchi 32 pamoja na king'amuzi hutumia kama wati 60. Kwa saa 10 hiyo ni uniti 0.6 kwa siku, uniti 18 kwa mwezi. Kwa kaya ya Tanzania iliyo kwenye daraja la umeme la uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu robo. Kuna nyumba zinazovuka 75 na kuangukia bei ya juu huku zikiilaumu pasi.

Baada ya kupima, pangeni bajeti ya wiki, si ya siku. Shule moja ya San Jose, California, ilifundisha watoto wa darasa la tatu na la nne kukaa siku 10 bila runinga, kisha kujipangia saa 7 kwa wiki. Matokeo yalitoka mwaka 1999: watoto hao waliongezeka unene kwa kasi ndogo kuliko wenzao wa shule nyingine, na walipunguza kula mbele ya runinga. Uzuri wa bajeti ya wiki ni kwamba mtoto anachagua. Akizimaliza Jumatatu kwa marudio, Jumamosi mechi itampita, na wiki ijayo atachagua vizuri.

Kosa linaloharibu yote ni kuifanya runinga zawadi ya tabia njema na adhabu ya mbaya. Kufanya hivyo kunaipandisha thamani kuliko ilivyokuwa.

## Mahali pa kukata

Ugomvi mwingi wa kuzima hutokea kwa sababu watu hujaribu kukata mwishoni mwa sehemu. Hapo ndipo mwandishi wa tamthilia alipoweka mtego wake: mlango unafunguliwa, bastola inaonekana, picha inaganda. Kwa zile zinazotazamwa kwa intaneti, acha katikati. Anza sehemu inayofuata, ngoja dakika 10 fundo la jana lifunguke, kisha zima. Utashangaa kamba inavyolegea. Na uondoe ile mipangilio inayoanzisha sehemu nyingine yenyewe.

Kwa tamthilia za kwenye chaneli, kumbuka kwamba nyingi hurudiwa siku ya pili. Mgeni akiingia, sauti ishushwe kabisa, si kupunguzwa. Sauti ndogo ni mbaya kuliko kubwa, kwa kuwa watu hutega masikio.

Chumbani isiwepo. Ikishindikana, tumia saa ya kujizima iliyomo karibu katika kila runinga: fungua mipangilio, tafuta sehemu ya muda, chagua dakika 30 au 60 kabla hujajilaza. Ukingoja usingizi uje ndipo uchague, hutachagua.

Usiku wa kwanza bila runinga ni mgumu kuliko mnavyotarajia. Watu wanakaa, wanatazamana, kila mmoja anachukua simu, na mmehamisha tatizo mfukoni. Tayarisheni kazi ya mikono kabla: mchele wa kuchambua, nywele za kusuka, bao, karata, daftari za watoto za kujaladia. Mazungumzo mazito huja mikono ikiwa na shughuli, kwa sababu hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni anaposema jambo la aibu. Msianze na kikao cha familia. Kikao kinawanyamazisha watoto.

## Kifurushi kikiisha

Watu wengi hulipia king'amuzi siku ile ile kinapokata, mara nyingi kwa simu, kabla ya kukaa chini.

Acheni siku tatu. Siku ya kwanza watu watauliza lini kinarudi. Siku ya pili na ya tatu, andika katika lile daftari kila kipindi ambacho mtu amekitaja kwa jina kwamba anakikosa. Usiulize, ngoja kitajwe chenyewe. Kwa kawaida orodha huwa fupi: tamthilia moja ya mama, ligi ya baba na kijana, katuni moja, taarifa ya habari ya babu. Chukua orodha hiyo ulinganishe na vifurushi vya king'amuzi chako. Mara nyingi kifurushi cha chini ya mnachokilipia kina vyote hivyo. Lipia hicho, bandika orodha ukutani pembeni ya runinga pamoja na siku na saa za kila kipindi, na acha saa 2 usiku ya siku angalau nne za wiki bila jina lolote.